Dakika Sita

Korido ya hospitali, mita thelathini,
kiti huku, kiti kule.
"Tembea, Mwasenga," asema sista Tusekile, jicho kwenye saa.

Mimi niliyepandisha gunia la viazi Isyonje
bila kulitua hata mara moja,
leo nahesabu marumaru.

Si moyo peke yake, ananiambia:
damu ni chache, mapaja yamenywea
kwa miezi ya kitandani,
miguu imejaa maji, na baridi hii ya Juni.
Woga hakuutaja.

Dakika ya nne nimeshika ukuta.
Dirishani Loleza umejifunika ukungu.
Naye anasubiri, hanihimizi.

Mita mia mbili na kumi.
Napiga hesabu: mlangoni kwangu hadi bombani,
na kurudi,
bila ndoo.