Thumni

Kadhi alitamka kwa lugha iliyozoea misiba:
mke mwenye watoto ana thumni,
kinachobaki ni cha mwana na binti,
Shekuwe mafungu mawili, mimi moja.
Mama akaninong'oneza, "Thumni?
Thumni tulinunulia kachiri."
Kweli. Senti hamsini waliiita hivyo,
nusu ya shilingi yenye jina la sehemu ya nane,
na hakuna aliyeona ajabu.

Nyumba yetu ya Guraya ilikwisha uzwa,
nyumba bila ardhi, kuta zetu, mchanga wa mtu:
milioni nne na laki nane.

Usiku ule niliazima daftari la mwanangu, la miraba,
nikamwonyesha Mama fungu lake.
Moja kwa nane haiendi. Andika sufuri, tia nukta.
Kumi kwa nane, moja, baki mbili.
Ishirini, mbili, baki nne.
Arubaini, tano. Hakubaki kitu.
Sogeza nukta hatua mbili kulia:
kumi na mbili na nusu kwa mia.

"Sasa nimeongezeka au nimepungua?"

Hata kimoja, Mama. Ni wewe yuleyule:
buibui ukienda matangani,
leso ukiwa jikoni,
na lile gauni la mikono mirefu
kwenye picha ya kipande.
Akasema kwenye picha hiyo
hakuwahi kujitambua.

Langu ndilo lililokataa kulala.
Saba kwa ishirini na nne:
mbili, tisa, moja, halafu sita,
baki kumi na sita,
sita, baki kumi na sita,
sita,
mpaka miraba ikaisha nikaingia pambizoni,
pambizo likaisha
nikaandika sita nyingine kwa ukucha
juu ya plastiki ya meza.
Mama akachungulia.
"Hiyo ni mali au ni deni?"

Asubuhi, benki, Barabara ya Digo.
Fomu ya karani Mwakio ilitaka asilimia
na ilikuwa na vijumba viwili tu baada ya nukta.
Nikamsihi: andika saba, mkwaju, ishirini na nne,
kila mtu atapata chake hadi senti.
"Dada, mfumo huu hauli mkwaju."
Akakata mikia.
Mama 12.50.
Mimi 29.16.
Shekuwe 58.33.
Jumla 99.99, na mashine ikagoma.

Moja imepotea, akasema, ile ya mwisho kabisa.
Nikaipigia hesabu nyuma ya risiti:
shilingi mia nne na themanini.
Mia tatu na ishirini zimetoka kwangu,
mia na sitini kwa kaka yangu.
Mwenye fungu dogo
ndiye aliyekatwa mkia mrefu.

Shekuwe, asiyenisemesha tangu arubaini ya Baba,
akauliza huku akitazama dirishani,
"Basi hiyo moja apewe nani?"
Nikamjibu kama nilivyofundishwa shule:
kuanzia tano hupanda, chini ya tano huanguka.
Sita yangu ikapanda. Tatu yake ikaanguka.
29.17.
Mashine ikatema karatasi, ingali moto.

Hivyo ndivyo mia na sitini za Shekuwe
zilivyokuja kuwa kwangu.

Umepita mwaka na robo,
moja nukta mbili tano, ukipenda.
Kila Ijumaa, swala ikitoka, simu inalia.
"Mia na sitini zangu zi wapi?"
Namwambia sina chenji.
Ananiuliza presha ya Mama,
namuuliza goti lake,
ananiambia bei ya saruji,
na wale walionunua nyumba,
kumbe wameubomoa ukumbi.
Tunanyamaza kidogo hapo, sote wawili.
Kisha anarudi, "Nakudai, ujue."

Pesa ninazo. Ziko kwenye bakuli la udi,
noti ya mia, ya hamsini, sarafu ya kumi.
Silipi.
Nikilipa, hesabu itafunga,
mimi na yeye tutakuwa tumegawanyika
na hakubaki kitu.