Usiku wa Kuamkia Jumanne

Kishikwambi kina chaji asilimia themanini,
kizibao cha ukarani kinanibana kwapani,
na Gongoni ndiyo kwanza inafagia vizingiti.
Swali la kwanza nimelimeza kama dawa:
Nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne?

Mzee Shahdad Mirdad anafungua makomeo matatu.
Vyumba tisa. Dari ya mbao. Sakafu ya saruji nyekundu
iliyosuguliwa na watu ambao hawamo kwenye dodoso.
Jokofu lipo. Gari lipo, limekaa juu ya matofali
tangu kiwanda cha nyuzi kiliponyamaza.
Upande wa dukani rafu zimebaki na viberiti, chumvi,
na mizani ya shaba inayopima vumbi.
"Andika watano," anasema. "Mimi na wanangu wanne."
Wanawe wako Maskati: mmoja dereva, mmoja polisi,
wawili anawataja majina tu.
Mzee, hawakulala hapa.
"Vitanda vyao vimetandikwa. Nenda katazame."
Nikaenda. Vimetandikwa.
Nikaandika: mmoja.

Hatua kumi na moja, ukuta uleule, mlango wa bati.
Bi Zafarani Songoro anachambua dagaa wa kupima kwa kisado,
na kabla sijamaliza shikamoo ameshaniwahi:
"Sita. Andika sita, baba."
Lakini ndala mlangoni nimezihesabu jozi kumi na tatu,
na wa mgongoni havai ndala.
Vyumba viwili. Sakafu ya udongo. Redio ipo, betri hakuna.
Mjukuu mmoja anasomea uuguzi kwa mkopo wa kikoba,
daftari lake limewekwa juu kabisa, mvua isipofika.
"Mwenye nyumba akisikia kumi na nne atapandisha kodi."
Mwenye nyumba ni nani?
Akanyoosha kidole kwenye ukuta,
upande ule wenye vitanda vinne vilivyotandikwa.

(Kodi yenyewe haijalipwa tangu Rajabu,
na bati linalovuja halijaguswa tangu kodi ikome.
Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.
Jioni bakuli la ugali hupita juu ya ukuta,
likarudi tupu, limeoshwa.
Sijui kama ni deni au huruma.
Sikuuliza. Halina namba kwenye dodoso.)

Dodoso halina kabila pia.
Serikali haitaki kujua, na nadhani ina sababu.
Haliulizi: babu yako aliingia Tabora
akiwa na nini kichwani, kilemba au mzigo?
Mirdad wa kwanza, Mbulushi, alikwenda Manyema na bunduki,
akarudi na pembe.
Pembe hazina miguu.
Songoro wa kwanza ndiye aliyekuwa miguu.
Wageni wote wawili. Njia moja, jua moja,
wakakata kiu kwenye kisima kimoja,
mmoja kwanza, mwingine baadaye,
na hiyo *baadaye* bado inatembea mtaani,
imevaa ndala jozi kumi na tatu.

Nasema hivyo, halafu namkumbuka mzee
akirudisha makomeo yake, moja, mbili, tatu,
dhidi ya nani, sijui, kwa chumvi na viberiti,
na hasira yangu inakosa pa kukaa.
Mimi mwenyewe naitwa Feruzi kwa babu.
Mnaojua majina yaligawiwaje, mnajua.
Wengine andikeni tu: karani.

Niliandika kumi na nne. Bi Zafarani akaninunia,
akanifungia dagaa hata hivyo, kwenye gazeti.
Njiani nikafanya walichotukataza semina:
nikajumlisha kichwani nyumba mbili zenye ukuta mmoja.
Watu kumi na tano, vyumba kumi na moja.
Nikagawanya.
Wastani ulitoka mzuri ajabu:
mtu mmoja na kipande kwa kila chumba.
Ukiusoma ukiwa mbali, Dodoma kwa mfano,
hapa Gongoni hakuna aliye peke yake
na hakuna anayebanwa.