Alama za Penseli

Mwimo wa mlango wa jikoni ulikuwa na alama za penseli.
Kushoto, watoto wa mzee Pascoe:
Lorna, miaka sita. Lorna, miaka tisa.
Dougal, aliyerefuka ghafla kama bua la muwa.
Kulia hapakuwa na majina, miaka tu:
hamsini na nne, sabini na nne,
themanini na tisa,
mstari wake ukimpita Dougal utosini.

Mzee hakunificha. Hilo nataka liandikwe kwanza.
Alisimama pale, kofia mkononi,
akapitisha kidole kwenye mstari wa juu kabisa,
akasema, "Huyu naye alikulia humu."
Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wakulima.
Bei ilikuwa nusu ya bei za mlimani.
Nusu, unaelewa? Na dirisha zima limejaa mto.

Wiki ya pili nilinunua rangi nyeupe.

Miaka kumi na mmoja nikaishi na huo mto
kama mtu anayeishi na mbwa wa jirani:
hajaning'ata, kwa hiyo hang'ati.
Ulipita chini ya ngazi, rangi ya chai ya maziwa,
ukielea maua ya mijakaranda.
Redio ikisema hameni, niliinua jokofu juu ya matofali
nikajiona mjuzi.
Watu wa bima waliponiandikia kunikataa
barua yao niliwashia jiko.

Kisha ule usiku wa Februari.
Saa tisa maji yalibisha hodi sakafuni, kwa chini,
taratibu, kwa vifundo vya vidole.
Saa kumi yalikuwa kitandani.
Nilitoboa dari kwa shoka la kuni,
na juu ya bati, paka ndani ya foronya,
nikaliita kwa mayowe jina la mtu
nisiyewahi kumkaribisha hata kikombe cha chai.

Col Hartigan alikaa mlimani, kwa bei nzima ya mlimani.
Hakuwa na sababu ya kulowa.
Kazi yake ilikuwa kurekebisha piano:
alizunguka makanisa na shule za bondeni,
sikio kwenye nyuzi, akizikaza mpaka ziseme kweli.
Alikuja na kiboti cha bati, injini ikikohoa,
akanirushia kamba,
kamba ikamzunguka vidole,
mkondo ukavuta.

Viwili. Mkono wa kulia.
Hakupiga kelele. Alisema, "Mshike paka vizuri."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Niliyavulia mimi.
Aliyeyaoga ni Hartigan.

Gazeti liliandika: mafuriko yamemkata vidole.
Mkutanoni tulilaumu bwawa, halmashauri, wakata miti,
na kila lawama ilikuwa na chembe yake ya ukweli.
Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka,
vidole vyangu vyote kumi vikiwapo.

Wapo waliosukumwa bondeni na kodi ya nyumba.
Wapo waliokuwapo kabla ya ramani yoyote,
ambao bibi zao walipanda mlimani mvua zikinusa,
wakatuambia, tukawatazama tu.
Siwasemi hao.
Najisema mimi, mwenye akiba benki
na brashi mkononi.

Kanisani noti ya kati ya piano imeanza kuteleza.
Hakuna anayetaja.

Jana walikuja vijana wawili, mtoto kifuani kwenye mbeleko.
Wamelipenda dirisha. Wameuliza bei.
Niliwaambia wasubiri, nikaleta kisu cha kukwangulia.
Rangi ilitoka kama ngozi iliyoungua jua.
Lorna, sita. Lorna, tisa. Dougal.
Hamsini na nne. Sabini na nne. Themanini na tisa.
Nilipofika Februari mwimo haukutosha;
nikapanda kiti, nikauchora ukutani,
shubiri moja chini ya dari.

Kijana alitazama juu, akatazama dirisha.
Mkewe akasogea mlangoni na mtoto,
akamsimamisha kidogo, soksi zikigusa sakafu,
akaweka kiganja juu ya kichwa chake,
akakiacha hapo.

Nilibaki juu ya kiti, penseli mkononi.
Bado hawajajibu.