Namba Kumi na Nne

Ragnfrid alinifundisha njia ya barua
miezi mitatu kabla hajastaafu,
Kirkenes, mwisho wa Norwei,
ambako Desemba jua halichomozi
na theluji hulia chini ya buti
kama unga wa muhogo ukifinywa.

Alinifundisha yanayosemeka:
kisanduku cha Oddbjørn huganda, kipige ngumi;
mjane wa namba tisa hutaka salamu kabla ya bili.
Hili hakunifundisha, nililiona tu:
tukikaribia namba kumi na nne, geti la kijani,
mkoba ulihama bega la kulia kwenda la kushoto,
hatua zikafupika,
kisigino kikageukia nje,
mguu mmoja umeshaagwa na safari.

Nikamuuliza kwa nini.
"Kwa nini nini?"
Nikamwonyesha. Akacheka, akaniita mzushi.
Kesho yake akauhamisha tena
huku akinisimulia bei ya chewa.

Bibi Aslaug mwenye nyumba ndiye aliyenijibu,
akipokea kifurushi kwa mikono yenye unga:
"Tulikuwa na mbwa. Alijificha nyuma ya pipa.
Hakumng'ata, alimrukia tu, mara mbili,
labda tatu.
Ana miaka kumi na mmoja kaburini."

Nikampelekea Ragnfrid habari.
"Mbwa yupi?"
Hakuwa akificha. Alitafuta kweli,
kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

Kumbe ndani yetu yumo karani
asiyetuita kutuonyesha daftari.
Huandika tukiwa tumelala, tukiwa tunapiga soga:
geti na mbwa,
harufu ya dawa na homa ya utotoni,
mlio wa funguo na baba aliyerudi amelewa.
Haweki sahihi. Mwili husoma,
sisi tunaambiwa baadaye, au hatuambiwi.

Aliyeumwa na nyoka, walisema wahenga,
akiona ung'ongo hushtuka.
Hawakutuambia habari za yule
aliyemsahau nyoka
akabaki na mshtuko.

Ragnfrid sasa anakaa Vadsø kwa bintiye, anafuma soksi.
Njia ni yangu.
Jana Bibi Aslaug alifungua mlango kabla sijabisha,
akanitazama kwa muda, akauliza
ni nani aliyeniambia
yule mbwa alikuwa akitokea upande gani.

Hakuna, nikasema.

Nikateremsha macho.
Mkoba ulikuwa bega la kushoto.