Toenga

Kopo lilikuja na mvua ya Julai,
Ōpōtiki, mwaka ule mama alipokuwa akifungasha kiwi
usiku kucha kwenye ghala la matunda.
Alirudi na manyoya ya maganda vidoleni
na kopo la plastiki, la buluu, chini ya koti.
Halikuwa la sikukuu. Lilikuwa la kuomba radhi.

Kereama akalimwaga kwenye zulia:
vipande arobaini na viwili,
paja, goti, kifundo cha duara kinachoingia tunduni
kwa mlio mdogo, kama mtu anayealisha kidole,
gurudumu la meno mgongoni la kurusha mkono,
na barakoa nyeupe, ambayo asipoivaa
(mimi ndiye niliyesoma, yeye alikuwa na miaka sita)
shujaa hulala, asiamke tena.

Nyuma ya kopo palikuwa na hadithi. Naikumbuka hivi:

*Giza lilipoizonga, Vedra ikafunga macho,*
*Sita wakaja kupinga, kwa kila walicho nacho,*
*Wa barafu ni Toenga, atiaye jua kicho,*
*Upanga akiuchonga, huganda hata kijicho.*

Tuliisoma kwa kelele, tukarudia, tukarudia,
hadi Bibi Hūria akaacha kumenya viazi.
“Mmesema anaitwa nani?”
“Toenga! Bwana wa Barafu!”
Bibi akaketi. Alicheka
mpaka akayashika meno ya bandia kwa kiganja.
“Toenga ni kile kinachobaki sahanini.
Wajukuu zangu, mama yenu
amewanunulia Bwana Kiporo.”

Kereama akalia. Mimi pia nilitaka kulia
ila nilikuwa na miaka kumi.

Kisha bibi akalichukua lile kopo,
akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalisoma
polepole, kama mtu anayesoma barua ya wakili:
jina la kisiwa, jina la mto, la pepo mwovu,
yote yameokotwa mdomoni mwa mama yake
na watu wa ng'ambo ambao hawakubisha hodi.
“Mimi shuleni nilichapwa kwa maneno haya,” akasema.
“Wao wameyapiga chapa.”
Akarudi kwenye viazi vyake.
Kisu kilikwenda kasi kuliko mwanzo.

Miaka mitano, makopo tisa, mengi ya mitumba.
Mbwa alikula mguu wa Bwana wa Moto.
Barakoa mbili zilikwenda na mafuriko.
Halafu kiwanda kikaacha, hivi hivi, katikati ya hadithi:
Vedra imefunga macho mpaka leo,
wale sita wamesimama mlangoni mwa pango,
na hakuna aliyelipwa kuandika wanachokikuta ndani.

Siku hiyo Kereama alimwaga vyote vilivyosalia.
Paja jekundu, paja kijani. Goti lililounganishwa kwa gundi.
Kibanio cha nguo kikawa mkono,
kijiko cha chai kikawa upanga.
Uso hakuwa nao, akamwacha bila uso.
Akamsimamisha mezani, mbele ya bibi,
naye bibi hakucheka.
Alimtazama kuanzia unyayo.
“Haya,” akasema. “Sasa jina limempata mwenyewe.”

Kereama yuko Australia, anachimba chuma,
hupiga simu Jumapili, anauliza mvua.
Bibi yuko nyuma ya kanisa, karibu na uzio.
Toenga yuko juu ya friji yangu, anaegemea redio;
plastiki imekuwa ya manjano, na kila kiangazi
kifundo kimoja hupasuka chenyewe, usiku,
nikadhani kuna mtu jikoni.

Jana binti yangu alisukuma sahani.
Kiazi kimoja, nusu, na ukoko wa nyama.
“Mama, hii toenga nimwekee nani?”
Alilisema bila kusita, bila kuangalia mlango,
neno zima, la jikoni, la kila siku.

Nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi.
Sikumjibu mara moja.