Sauti ya Pili

Kazi yangu ni kuwa sauti ya pili.
Maarika huanza: anasoma maneno kwenye kipaza sauti,
taratibu, kama mtu anayehesabu mayai,
na katikati ya orodha anainua kidole,
nami napokea.
Yake ni nzito, ya kifuani.
Yangu nyembamba, ina mkwaruzo wa sigara nilizoziacha.
Hata paka angegeuza shingo.

Jumanne alikuja mzee Endel Kuusik,
akavua buti mlangoni bila kuambiwa,
Tartu nzima nyeupe nyuma yake.
Miaka arobaini anarekebisha vinanda vya makanisa.
"Filimbi moja ikipotoka unywele," alisema,
"siku hiyo chakula hakipiti kooni."
Tukamvisha visikizio. Tukampa kazi: kariri.

Tufaha. Kengele. Ngazi. Msumari.
Kidole.
Siagi. Daraja. Sufu. Chumvi.

Akayarudisha yote, hakudondosha hata moja,
akatabasamu kama mtoto aliyepita mtihani.
Je, kuna kilichobadilika?
"Hapana. Labda bomba la joto lilinguruma kidogo."

Tulipomrudishia mkanda, asikilize tu, asikariri,
alishtuka kabla siagi haijaisha kutamkwa.
Akacheka. Akanyamaza.
Akavipakata visikizio kama kitu chenye uhai.
"Kumbe mlango ulikuwa wazi," akasema,
"mmoja akatoka, mwingine akaingia,
na mimi nipo sebuleni nahesabu viti."

Sikio halipiti kichwa, walisema wahenga.
Sikujua walikuwa wakiisema maabara yetu.

Jioni mama akapiga simu kutoka Võru, kama kila Jumanne.
Huwa naibana simu begani nikiosha vyombo:
ndiyo mama, kweli mama, na kuku je?
Safari hii nilifunga bomba.
Nikakaa, mikono ikichuruzika povu,
nikamwacha aseme habari za jirani na msumeno wake.
Baina ya neno na neno palikuwa na pumzi fupi,
ya mtu anayepanda ngazi
hali amekaa.

"Mama, hiyo pumzi, tangu lini?"

Msumeno ukaishia hapo. Kuku wakaishia hapo.

"Tangu viazi," akasema. "Tangu tulipovuna viazi."

Nje ilikuwa Februari.