Ndege wa Wino

Dume anajitaja mwenyewe.
Anakaa kileleni mwa kicumucumu, kile kilichoota nyuma ya vyoo vya shule,
kifua mbele kama kapteni wa timu,
na jua la Muhumba likimgusa tu
anawaka: kijani, kisha zambarau, kisha mkanda mwekundu.
Hata sentinele wa getini anaweza kumwandika.

Kazi ni jike.

Jike anapitia chini, kwenye majani, bila hodi.
Rangi yake? Andika chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani.
Andika zeituni; ukifuta, andika kijivu.
Kitabu kimempa dume mistari kumi na picha mbili,
jike kapewa nusu mstari: hafifu zaidi.
Zaidi ya nani? Nawajua sita katika mji huu,
wote hafifu, wote zaidi,
wote wamechovya ulimi katika ua lile lile.

Nsimire ana miezi minne kwangu.
Darubini yake imefungwa gundi upande mmoja,
masikio yake yanayashinda yangu.
"Mwalimu, huyu nani?"

Usianze na rangi, namwambia. Rangi inabadilika na wingu.
Anza na mdomo: umepinda kama mundu wa kukatia majani ya ng'ombe,
au umepinda kidogo tu, kama sindano iliyokaliwa?
Panda kwenye nyusi. Kuna chaki juu ya jicho?
Shuka kifuani. Kina michirizi, kama dirisha baada ya mvua ya Aprili,
au ni njano tupu, njano ya sabuni?
Mkia sasa, ncha zake, nyeupe, tazama, sasa hivi!
Umeona?

Hakuona.
Mimi pia sikuona.
Amekwisha kuvuka ukuta wa masista,
na tawi limebaki likiitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Lakini umeandika," anasema Nsimire.

Kweli. Mkono ulikuwa umenitangulia:
chozi-shaba, jike, mmoja,
saa moja na robo, ukungu, ziwa halionekani.

Basi nikaukumbuka mwaka ule mishahara ilipokauka.
Tulikuwa juu ya Lwiro, tumelowa hadi kwenye soksi,
Cirhuza anatetemeka homa ndani ya gari,
karatasi ina nafasi tupu kumi na moja
na ofisi inataka majina.
Nikaandika jina. Jina zuri, la mbali,
la ndege ambaye sijui kama aliwahi kulivuka bonde lile.
Tangu siku hiyo yupo.
Yumo kwenye jedwali, yumo kwenye ripoti,
kila mwaka anarudi bila mabawa
na kutaga tarakimu.
Mgeni mmoja alipanda ndege kuja kumtafuta ndege wangu.
Siku sita kwenye matope. Siku ya saba
akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia asante.

Nilimwambia Nsimire nusu ya hayo.
Nusu ya pili aliisoma usoni, nadhani,
maana aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa.

Nikafuta shaba. Karatasi ikachanika kidogo.
Nikaandika: chozi, jike. Sijui.
Neno fupi, lakini lilitaka wino mwingi.

"Na kwa nini wakamwita chozi?"
Hilo nalo sikulijua. Ilikuwa asubuhi ya namna hiyo.
"Labda," akasema, "kwa sababu ukimkodolea sana, jicho linalowa."
Tukacheka, sentinele akatugeukia.

Halafu akarudi, jike. Au mwingine.
Akatua kwenye waya wa umeme usio na umeme,
akajikuna nyuma ya jicho, mguu wa kushoto, haraka haraka,
akakaa. Kwa mara ya kwanza, akakaa.

Mimi nilikuwa bado natafuta miwani.
Nsimire alikwisha kuchora mdomo, na nyusi, na ile michirizi,
na pale panapokaa jina
ameacha nafasi ya upana wa kidole.